Injini Yenye Haya

Jumatatu, 4 Agosti 1975. Kibondo.

Habari kubwa! Mkurugenzi wa idara yetu anakuja kutoka Dar es Salaam. Atashuka garimoshi Kigoma, ataletwa mpaka Kasulu, na Jumamosi ya tarehe 16 gari la wilaya yetu litamfuata huko na kumleta hapa. Njiani atasimama Busunzu kuwaona warina asali. Ni safari ya nusu siku. Nusu siku ndani ya gari na mtu ambaye kalamu yake ndiyo inayotia saini uhamisho!

Moyo haujatulia tangu niliposikia. Miaka mitatu nimekaa huku, mimi Isihaka, mtoto wa Lindi, niliyezoea joto na samaki. Baridi ya hapa inaniingia mpaka kwenye meno. Tena mimi ni Bwana Nyuki wa Wilaya, na ninaogopa nyuki. Ninawaogopa kuliko chui. Niliomba kozi ya uvuvi, wakanipa ya nyuki, nikaona haya kukataa. Likizo iliyopita mke wangu Somoe aliniambia, kwa ule upole wake unaotisha, kwamba Ramadhani ikiingia nami bado niko huku milimani, yeye atarudi kwa baba yake na nisimfuate. Ramadhani ni mwezi ujao. Kwa hiyo ndoa yangu iko mikononi mwa Mkurugenzi, na yeye hajui.

Tatizo ni Cleophas, Bwana Misitu. Ofisi yetu ina Landrova mbili, yake na yangu, zote za kijani, zote zimechoka sawasawa. Mkuu wetu wa hapa kasema litakwenda lile lililo zima zaidi, na mwenye gari ndiye atakayempokea mgeni. Cleophas hata uhamisho hataki. Anaipenda baridi! Anachotaka ni kunikomoa tu.

Lakini ninacho kitu ambacho yeye hana. Jumamosi fundi baiskeli wa sokoni alinitengenezea ufito wa bendera, chuma kitupu, tukaufunga juu ya madigadi ya kushoto, upande ninaokaa mimi. Bendera yenyewe sina ruhusa nayo. Ni ufito tu. Lakini watu wakiuona wanajua kwamba anayepita si mtu wa hivi hivi. Cleophas kaniuliza kama ninakwenda kuvua samaki. Wivu huo!

Sasa asubuhi ya leo, tunatoka ofisini, nikasikia: tik. Tik-tik-tik. Huko huko kwenye injini. Nikamwamuru dereva wangu, Ndayiragije, asimame. Tik-tik-tik. Ee Mola, katika wiki zote ulizoumba, kwa nini hii?

Jumanne, 5 Agosti.

Siku ya kuisaka sauti. Gari limesimama, injini inanguruma, boneti imefungwa: tik-tik-tik. Nikafungua boneti nisikilize vizuri. Kimya! Nikaifunga. Tik-tik-tik. Nikaifungua. Kimya. Nimefungua na kufunga mpaka bega limeniuma, na makarani wa ofisi ya ardhi wametoka nje na vikombe vyao vya chai kunitazama. Sijapata kuona injini yenye haya namna hii. Ukiifunua inanyamaza, ukiifunika inaanza kusengenya.

Nimemuuliza Ndayiragije kama haidhanii pampu ya maji. Ego, bwana, kasema. Ego kwao ni ndiyo. Asili yake ni Burundi, mtu mzima, wa kanisani, adabu zake hazina mfano. Tangu niletwe hapa hajanipinga hata mara moja. Basi ikiwa dereva mwenyewe anaona ni pampu, mimi ni nani nibishe?

Tukaifungua pampu. Jua limetuchoma pale pale uani. Tumeirudisha jioni, mikono myeusi, nikawasha. Tik-tik-tik. Nikamuuliza kama si mkanda wa feni. Ego, bwana. Tukabadilisha mkanda. Tik-tik-tik. Nikamuuliza kama labda tangu mwanzo haikuwa pampu wala mkanda. Ego, bwana, kasema, na kanitazama kwa huruma.

Sikula. Niliutazama ugali, nikaona uso wa baba mkwe.

Alhamisi, 7 Agosti. Busunzu, na kurudi.

Leo nimetumia akili. Niliona masikio yangu na ya Ndayiragije hayatoshi, nikaamua kutumia ya umma. Busunzu ndiko waliko warina asali wote, na ilinipasa kwenda kuwaandaa kwa ajili ya mgeni. Nikaona watanisaidia kuisikiliza injini.

Kwanza salamu. Huku hakuna kusalimia mtu kwa kichwa ukapita. Ni mikono miwili, Mwakeye, habari za nyumbani, za wazazi, za ng'ombe, za shamba, tena kwa kila mmoja aliyefika. Tulipomaliza injini ilikuwa imepoa kabisa. Hata hivyo nikamuuliza mwenyekiti wao, Mzee Bazilio, kama anaisikia ile sauti. Akaweka kiganja sikioni, akainamisha kichwa, akasema ego, anaisikia sana. Injini ilikuwa bado haijawashwa. Nikasema moyoni, uzee huo.

Tukaiwasha. Inatoka kulia? Ego, wote. Inatoka kushoto? Ego, wote. Au chini? Ego, na wengine wakainama kuitazama. Mama mmoja, Esteria, kasema hata juzi aliisikia. Juzi gari lilikuwa Kibondo! Lakini sauti za watu wengi namna ile, tena kwa pamoja, huwezi kuzipuuza. Maana yake ni moja tu. Ugonjwa umeenea injini nzima.

Kisha wakaomba niwafundishe uvunaji wa kisasa. Nimewafundisha nikiwa ndani ya gari, vioo juu, nikionyesha kwa vidole. Wamesikiliza kwa heshima sana. Esteria alikuwa na swali, nikateremsha kioo kidogo. Nyuki mmoja. Mmoja tu! Ukope wa kushoto. Ninaandika haya kwa jicho moja, na hilo moja linatoa machozi ya kumwonea huruma mwenzake.

Ijumaa, 8 Agosti.

Cleophas ameshajua. Wakati wa chai kaniuliza mbele ya ofisi nzima mgonjwa wangu anaendeleaje, na hakuwa na maana ya jicho. Wamecheka mpaka mpiga chapa kamwaga chai yake. Nilikaa nikijifanya ninatafuta kalamu.

Hapo ndipo mwanga ulinijia. Nani anaegesha gari kando ya langu? Cleophas. Nani anataka Mkurugenzi asikae nami? Cleophas. Hii si ajali, hii ni hujuma! Kafanya nini sijui, lakini kafanya. Basi kama langu linalia, lake litalia mara mbili.

Nimechukua kopo tupu la maziwa, nikatia kokoto, nikaliziba, nikatafuta waya. Mchana watu walipokwenda kula nilijipenyeza chini ya Landrova yake, nikalifunga kopo kwenye fremu, karibu na gurudumu. Suruali imeharibika kwa grisi, lakini roho imetulia kwa mara ya kwanza wiki hii. Tutaona nani mgonjwa.

Jumatatu, 11 Agosti.

Nimekwisha.

Haikuwa Landrova ya Cleophas. Cleophas Ijumaa baada ya chai alikwenda msituni. Ilikuwa ya polisi, imeegeshwa mahali pake, na mimi nilikuwa na jicho moja. Wamezunguka nalo Jumamosi na Jumapili likipiga kelele kama debe la kufukuzia nyani, mwizi wa ng'ombe mmoja akawasikia toka mbali akaenda zake, mpaka jana walipolala chini yake na kulivuta kopo. Maziwa ya aina ninayokunywa mimi. Hapa Kibondo ni mimi peke yangu ninayekunywa hayo!

Saa tatu askari kaja. Hakunijia mimi, kaenda kwa Ndayiragije aliyekuwa anafuta kioo, nami nilikuwa nyuma ya dirisha ninasikia yote. Kamuuliza kama Ijumaa mchana bwana wake alikuwa ofisini. Ego, afande. Hakutoka kabisa? Ego, afande. Alikuwa anafanya kazi tu? Ego, afande. Askari kashukuru, kaondoka.

Nilitaka kutoka nimkumbatie. Kwa kweli nimewadharau watu hawa bure. Neno lao lina uzito, hata polisi wanalikubali. Nimeamua kuanzia leo kuamini kila wanachoniambia.

Tik-tik-tik bado ipo.

Jumatano, 13 Agosti. Kasulu.

Tumeondoka alfajiri kwenda kwa fundi Leonidasi, karibu na soko la Kasulu. Wanasema hakuna injini asiyoijua. Kafungua boneti, katulia, kasikiliza, kasema injini ni nzima. Nikamwambia aifunge. Tik-tik-tik! Kakuna kichwa. Kaifungua. Kimya. Kakuna tena. Kaniuliza imeanza lini. Nikamwambia asinipotezee muda na historia, hizi ni valvu. Leonidasi ni Muha wa Heru Juu, mwenye adabu zile zile za huku. Kanitazama usoni, katazama koti langu la ofisi, kisha kasema ego, mkubwa, ni valvu.

Nilijua!

Kakifungua kifuniko cha valvu. Valvu hazina neno, lakini gaskiti ya kifuniko imekatika vipande viwili kama mkate mkavu. Ya akiba hakuna. Kasulu nzima hakuna. Labda Kigoma. Labda Tabora. Bila gaskiti mafuta yatamwagika yote barabarani, na siku zilizobaki hazitoshi kwenda Kigoma na kurudi.

Nikakaa juu ya tairi kuukuu nikalia. Sioni aibu kuandika. Wauza ndizi wamenitazama nikilia. Nilimwona Somoe akifunga mizigo yake, sanduku lile la bati, na mama yake akimsaidia kubana kifuniko.

Kisha wazo! Nyuma ya gari nilikuwa na madonge ya nta, mazuri, nimeyachukua ghalani ili kumwonyesha Mkurugenzi. Tumekata gaskiti kwenye boksi la sabuni, tukaikandika nta pande zote mbili, nene kama chapati. Nikamuuliza Leonidasi kama anakubali kwamba nta haitayeyuka. Ego, kasema. Haitayeyuka.

Basi hatimaye nyuki wamenifaa kwa jambo moja katika maisha yangu. Ndayiragije kaendesha polepole sana, tumefika Kibondo gizani, na mafuta hayakuvuja hata tone. Tik-tik-tik njia nzima, lakini mtu hapati yote.

Alhamisi, 14 Agosti.

Mpango wa akiba. Ndayiragije huimba kwaya, sauti ya chini. Nimemwomba kesho kutwa aimbe njiani, kwa nguvu ya kutosha kuifunika tik-tik-tik, lakini si kwa nguvu ya kumchosha Mkurugenzi. Tumejaribu kwenye barabara ya uwanja wa ndege. Msiba mtupu! Sauti ile inapiga sawasawa na wimbo, kana kwamba imefundishwa. Mapadri wawili waliokuwa wanapita wamesimama kutusikiliza, wakampongeza Ndayiragije kwa kigoma chake kidogo.

Nimefuta mpango. Sina mwingine. Mbavu zinaniuma kwa kuhema.

Ijumaa, 15 Agosti.

Ushindi!!

Leo Mkuu kakagua magari. Usiku kucha niliwaza, na asubuhi nikajua la kufanya. Injini hii ina haya, sivyo? Basi ikaguliwe ikiwa uchi. Mkuu alipofika alikuta boneti wazi, injini inanguruma, kimya kitupu, na mimi kando yake na kitambaa kama baba wa mtoto mchanga. Kasikiliza. Kasema inanguruma vizuri. Alipotaka boneti ifungwe nilimwambia injini inahitaji hewa kidogo baada ya matengenezo, na Ndayiragije kasema ego.

Halafu kwa Cleophas. Kamuuliza gari lina hitilafu yoyote? Na yule mjinga, kwa mdomo wake mwenyewe, kasema breki za nyuma zinavuta upande! Alisema ukweli! Mbele ya mkuu! Mtu wa namna hiyo atafika wapi?

Ninakwenda mimi. Jioni nimefanya mazoezi ya mazungumzo. Kwanza kumpa pole ya safari. Pili kuusifu uongozi. Tatu Somoe, kwa kifupi, kwa sauti inayotetemeka. Nne chozi. Tano uhamisho, Lindi, hata kwa cheo cha chini. Chozi nimelijaribu mbele ya Ndayiragije, nikamuuliza kama linapendeza. Kasema ego.

Jumamosi, 16 Agosti.

Sijui nianzie wapi. Laiti ningekuwa nimezaliwa ng'ombe.

Kasulu tumefika mapema, tukaegesha mbele ya ofisi za serikali. Gari linang'aa. Ghafla nikaona gari lililomleta Mkurugenzi, na halina bendera, wala ufito! Angeniuliza nimeuweka kwa cheo gani ningemjibu nini? Nikamwamuru Ndayiragije aufungue haraka, autie chini ya kiti. Ulikuwa ndio kwanza umeingia chini ya kiti Mkurugenzi akatoka. Mtu mnene, mpole, kofia ya jua, miwani. Akapenda kukaa mbele, dirishani. Mimi nikabanwa katikati. Bega kwa bega na uhamisho wangu!

Tukaondoka. Boneti imefungwa. Nikakaza meno, nikangoja tik.

Hakuna tik.

Tukatoka mjini. Hakuna. Tukapanda kilima, tukashuka. Hakuna! Sikuamini. Inaanza wapi, itaanza lini, hapa penye kona? Jasho linanitoka kwa kungoja. Mkurugenzi alinipa pole ya kazi, nami ninasikiliza injini. Alisifu mashamba ya maharage, nami ninasikiliza injini. Kisha, na hili nitalikumbuka mpaka kaburini, aligeuka mwenyewe, kwa hiari yake, akaniuliza kama nina familia.

Nikamjibu kwamba pampu ni mpya.

Alinitazama kwa muda, akatikisa kichwa polepole. Maili kwa maili zikapita. Karibu na Busunzu ndipo nilipopata akili, nikakohoa, nikasema Mheshimiwa, kuna jambo. Papo hapo nikasikia harufu. Harufu tamu, ya mishumaa, kama kanisani kwa akina Ndayiragije. Moshi mwembamba ukaanza kutoka pembeni mwa boneti. Nta! Nta inayeyuka juu ya injini ya moto, na upepo unaipeleka Busunzu nzima.

Tulisimama penye watu. Kijiji chote kilikuwapo, mizinga mipya imepangwa kwa maonyesho, mizinga ya zamani iko mitini yenye wenyewe ndani. Mkurugenzi akashuka kuanza zile salamu za mikono miwili. Mimi nikawa wa mwisho kushuka. Sikushuka.

Alikuja nyuki mmoja. Wakaja kumi. Halafu likaja wingu. Boneti ikawa nyeusi. Wakaingia ndani kwa dirisha la Mkurugenzi. Ndayiragije akafungua mlango akaomba radhi akakimbia. Mimi miguu ilikataa. Mikono ikakataa, shingo ikakataa, hata ukope ukakataa. Walitembea kwenye kofia yangu, wakashuka mashavuni, wakaingia kwenye kola, mmoja akasimama juu ya mdomo wangu kama anayesubiri zamu. Nilikufa nikiwa nimekaa. Na kwa kuwa maiti hatikisiki, hakuna hata mmoja aliyeniuma.

Kwa mbali nilimsikia Mkurugenzi, amejibanza nyuma ya ghala. Kasema kwa sauti kubwa kwamba tangu aanze kazi hajaona mtu aliyetulia namna ile. Kasema watu wote wanitazame. Kamuuliza Mzee Bazilio kama hii ndiyo kawaida yangu. Ego. Nyuki wananijua? Ego. Kijiji kinanipenda? Ego, na makofi. Wangependa nibaki nao?

Niliona linakuja. Nilitaka kupiga kelele, lakini ningefungua mdomo yule wa zamu angeingia.

Ego! Kijiji kizima, wanaume kwa wanawake. Ego! Esteria akapiga kigelegele, wengine wakapokea.

Mzee Bazilio kawafukuza nyuki kwa moshi, taratibu, akaniondoa kwenye kiti kama mzigo. Tumeziba kifuniko cha valvu kwa matambara, tukamaliza safari. Njia nzima Mkurugenzi alikuwa ameshika mkono wangu. Kaniambia kwamba kila afisa anayekaa naye garini huanza kulia kuhusu mke wake na kuomba uhamisho kabla hata gari halijashika kasi, na kwamba amechoka nao. Mimi, kasema, nilipoulizwa habari za familia nilimjibu habari za gari la serikali. Kasema hilo limemgusa sana. Nitabaki Kibondo miaka mitano zaidi, na Kasulu nitaongezewa.

Nilisema asante. Mdomo huu huu. Nilisema asante!

Jumapili, 17 Agosti.

Sijatoka kitandani mpaka alasiri. Nimefikiria kujifanya kichaa, lakini huku wangekubali tu.

Siku zinakwenda. Somoe anahesabu. Sina la kumwambia, na kila ninapofumba macho ninasikia vigelegele vya Busunzu.

Jioni nimeufunga tena ufito. Afisa wa wilaya mbili hawezi kupita barabarani kama muuza mihogo. Nikawasha gari. Tik-tik-tik! Imerudi! Kumbe injini hii inawaogopa wakubwa, Mkurugenzi akiondoka inajisikia nyumbani. Cleophas alikuwa anapita. Kasimama, kasikiliza, kashika ufito kwa kidole kimoja. Kimya. Kauachia. Tik-tik-tik. Kaushika, kimya. Kanionyesha jinsi ncha yake inavyogonga ukingo wa boneti, na kwamba boneti ikiwa wazi haiufikii. Kacheka mpaka kakaa chini kwenye vumbi.

Nimemwambia hizo ni bahati tu. Ufito uko nje na sauti iko ndani, mtu yeyote aliyesoma anajua. Kesho tunafungua giaboksi.

Jumanne, 19 Agosti.

Giaboksi haikuwa na kitu. Imebaki skrubu moja, hatujui ya wapi.

Lakini hilo si neno. Neno ni kwamba Mkurugenzi kabla ya kuondoka alizungumza pia na Cleophas. Kasikia habari za breki. Kasema mtu anayesema ukweli juu ya gari lake anahitajika mahali ambapo magogo yanapotea. Wamempa uhamisho. Wiki ijayo anaondoka.

Lindi!

Lindi yangu! Ofisi ya misitu iko barabara moja na nyumba yangu, ukitoka uani unaiona. Cleophas alikuja kuniambia mwenyewe, uso umemshuka. Hataki joto, hajui kula samaki, hana mtu huko. Nilikuwa na chuki ya kutosha kuwasha moto. Dunia hii imepangwa na nani?

Kisha, taratibu, akili yangu ikaanza kufanya kazi. Mimi si mtu wa kushindwa. Somoe anahitaji mtu wa kumweleza mambo yangu ana kwa ana, kwa upole. Na ni nani anayeweza kueleza jambo vizuri kuliko Cleophas? Ana sauti nzuri. Hana mke wa kumharakisha. Mrefu, nadhifu, kila mtu anampenda, na hasemi uongo, kwa hiyo Somoe atamwamini. Nimempa kibuyu cha asali ampelekee. Nimemwambia asihangaike kutafuta nyumba, chumba chetu cha mbele kiko wazi, akae tu, na jioni baada ya kazi azungumze naye kidogo kidogo mpaka moyo wake ulainike. Nimemwambia asiwe na haraka.

Mwanzoni kakataa. Kasema si vizuri. Nikamwonyesha picha ya Somoe, ile aliyovaa kanga mpya, ili amtambue kituoni. Kaitazama kwa muda mrefu, kisha kakubali. Kumbe ni mtu mwema kuliko nilivyodhani!

Nimemuuliza Ndayiragije kama huu si mpango bora kuliko yote niliyowahi kupanga. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue kachelewa kujibu. Kaweka chini kitambaa. Katazama barabara, kanitazama mimi. Halafu kasema ego.